Kikombe cha Mama Adhis

Watu wa Kisumu Ndogo, pale Kibera jijini Nairobi, walisema Aketch ana maringo. Ukimkaribisha chai kwako, anaitika vizuri, anakaa, anakusifia watoto hata wale wenye makamasi, halafu chai ikifika anatia mkono kwenye kikapu chake na kutoa kikombe chake mwenyewe. Kikombe cha bati, cha buluu, rangi imebanduka mdomoni, na kwenye kishikio kimefungwa uzi mwekundu. Anakuambia, "Nimiminie humu, mama." Na kama wewe ni mtu wa kununa, utanuna. Ati vikombe vyetu vina nini? Alienda nacho matangani, alienda nacho harusini, na siku ya chakula cha pamoja kanisani alikuwa nacho. Wengine walisema ni masharti ya mganga. Wengine walisema ni dharau tu ya mwanamke anayeuza omena, vidagaa vya ziwani, na kujiona anauza dhahabu. Ah, binadamu! Akikosa habari hujitungia.

Habari yenyewe ilibaki Kawangware, upande mwingine wa jiji, na Aketch hakupenda kurudi huko hata kwa mawazo.

Kawangware ndiko alikoishi na mumewe Oloo kabla ya kuja Kibera, chumba kimoja katika ploti ya vyumba vingi. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza, naye Aketch akaanza kukohoa. Alikonda hadi sketi ikawa inazunguka kiunoni. Miaka ile mtu akikonda watu hawakuuliza ana nini, walishajua, au walidhani wamejua. Hospitalini walipima makohozi wakasema ni TB, inapona, ameze dawa na asiache. Oloo aliyasikia yote kwa masikio yake. Akarudi nyumbani, akachukua kikombe kimoja kati ya vinne walivyokuwa navyo, akachomoa uzi kwenye sweta yake kuukuu, akaufunga kwenye kishikio kwa fundo zuri.

"Hiki kitakuwa chako," akasema, "ili tusichanganye."

Alisema kwa upole kabisa. Angemtukana, Aketch angejua la kumjibu, maana ulimi Mungu alimpa na hakumpunja. Lakini utamjibu nini mtu anayekutenga kwa upole?

Adhis, binti yao, alikuwa mdogo bado. Akapelekwa ushago, kijijini kwa nyanya yake. Majirani waliuona uzi, wakajifunza. Aketch akaambiwa awe anaoga wa mwisho, watu wote wakishamaliza bafu. Dawa ilifanya kazi yake, kikohozi kikaisha, nyama ikarudi mashavuni, na daktari akafurahi. Kifua kilipona. Na moyo je? Nani aliuliza habari ya moyo? Mchana kutwa alilala ameukabili ukuta wa mabati, hataki kula, hataki kuchana nywele. Kuna asubuhi alisimama kando ya barabara ya Naivasha akiyatazama malori yanavyokuja, na akayatazama kwa namna ambayo mtu hapaswi kutazama lori.

Kilichomvuta nyuma kilikuwa hasira. Hakuna mtu aliyemshika mkono, tusidanganyane. Alijiambia, nife, halafu wao wabaki wanakunywa chai? Hata! Akamaliza dawa, akakunja nguo zake, akamwachia Oloo vile vikombe vitatu na kuondoka na cha nne. Aliapa kwamba hakuna mtu chini ya jua atakayemtengea kikombe tena. Atajitengea mwenyewe kabla hawajamtengea.

Basi hayo ndiyo maringo yake.

Alipotulia Kisumu Ndogo akaanza kuuza omena, akamrudisha Adhis, na watu wakamwita Mama Adhis. Siku moja alimpeleka jirani aliyekuwa akikohoa damu kwenye kliniki ndogo, ndipo akafahamiana na Sista Wagaki, muuguzi wa chumba cha TB. Sista alikuwa na shida moja. Wagonjwa wanapewa vidonge vya kumezea nyumbani, wanapata nafuu kidogo, wanaacha, ugonjwa unarudi. Akamwomba Aketch awe anapita kwa wale wa mitaa ya karibu, awaangalie wakimeza. Mshahara hakuna. Aketch alikubali kabla Sista hajamaliza sentensi.

Na alikuwa na namna yake. Pole hakuwa nayo. Alikuwa na matusi matamu, yale ya kumfanya mgonjwa acheke huku anajishika mbavu. Akifika, anamwaga omena kwenye sinia na kumsukumia mgonjwa atoe mchanga na vikonokono vilivyoingia pamoja na samaki. "Umeugua kifua," anamwambia, "hujaugua vidole." Alijua anachofanya. Mtu aliyekonda akikaa bure huitazama mikono yake na kuona mifupa, lakini akichambua omena anaona omena. Tena mtu akiinamisha macho, mdomo hufunguka. Wengi walimwambia juu ya sinia lile mambo ambayo hawakumwambia hata mchungaji. Aketch akavimba kichwa kidogo. "Wangu hawaachi dawa," alikuwa akisema sokoni. "Wangu mimi? Thubutu!"

Halafu akaja Kavoi.

Kavoi alikuwa fundi cherehani wa soko la Toi, mtu wa Kitui. Mtumba wa mzungu mnene ukimfikia, anakutolea suruali mbili na kofia ya mtoto. Alishona akiimba, akawatania wanawake wote wanaopita bila kubagua umri. TB ilipomwangusha, alihamisha cherehani kutoka Toi hadi chumbani kwake Gatwekera, humohumo Kibera, akisema atashona akiwa amelala ikibidi. Mkewe Kaveke alikuwa Kitui na watoto, mwaka ule ukame ulikuwa mkali na shamba halingeachwa. Hapa mjini alikuwa na nduguye mmoja tu, Kyalo, mwashi aliyeishi Kawangware, aliyemletea chakula kila Jumapili.

Mwanzoni Aketch na Kavoi walielewana kama pilipili na ndimu.

"Sasa fundi, leo utaonja omena?"

"Mama Adhis, kwetu hatuli kitu chenye macho mengi hivyo. Nikila kitaniangalia hadi tumboni."

"Kwani Kitui mnakula nini, mawe?"

"Muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Chakula cha watu."

Alivumilia sindano za kila siku za miezi ya kwanza, kikohozi kikapungua, akaruhusiwa kumezea dawa nyumbani. Hapo ndipo alipotakiwa kuinuka. Badala yake akaanza kuzimika. Utani ukapungua, kisha ukaisha. Cherehani ikafunikwa shuka. Omena alizichambua, lakini vidole vilikwenda polepole na hakusema lolote. Aketch alikuwa na sweta iliyokatika kifungo, akamwomba amshonee. Fundi akajibu kesho. Kesho yake akajibu kesho.

Aketch akadhani ni uvivu. Mimi simlaumu sana, maana mtu aliyeokolewa na hasira hudhani hasira ni dawa ya kila mtu. Akamfokea. "Mwanaume mzima! TB imeondoka, umebaki na kudeka. Kaveke huko analima na watoto mgongoni, wewe umelala!" Kavoi akatabasamu kidogo, akaweka vidonge mdomoni mbele yake, akanywa maji, akafungua kinywa aone. "Aaa." Aketch akachungulia, akaridhika, akaenda zake sokoni.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo wenyewe ulitoka kwenye kopo la vifungo.

Asubuhi hiyo Kavoi alikuwa ameenda msalani. Aketch akiwa peke yake chumbani akaona afadhali ajishonee kile kifungo mwenyewe. Akalishusha kopo kutoka juu ya cherehani, akatia vidole, akatafuta cha rangi ya sweta yake. Vyeusi, vya kahawia, vya shati la shule. Vyeupe vilikuwa vingi ajabu. Akachukua kimoja, akatafuta matundu ya sindano, hakuyaona. Kikammeng'enyukia vidoleni kama chaki.

Akalimwaga kopo lote kitandani. Dawa ya wiki nzima na zaidi ilikuwa mle, vidonge vimelowa mate vikakauka, vingine vimegandana na vifungo.

Kavoi akarudi, akamkuta amesimama. Hakukana. Alikaa tu kwenye kigoda na kutazama sakafu.

"Chini ya ulimi," akasema. "Ukishaondoka natema."

Jamani, Aketch alipasuka! Alimwita mjinga, alimwita mwongo, alimwita muuaji wa watoto wake mwenyewe. Majirani walitoka nje kusikiliza. Alisema, "Mimi nimeacha biashara yangu jua likiwaka kuja kutazama mdomo wako!" Machozi yalimtoka Kavoi bila sauti, nayo yakamkera Aketch zaidi, akabeba kikapu chake na kuondoka akiusukuma mlango kwa kiwiko.

Alifika kwa Sista Wagaki bado anahema. Akamweleza, akingoja Sista naye akasirike ili wakasirike wawili. Sista akamsikiliza huku anapanga sindano.

"Akiendelea hivi ugonjwa utarudi," akasema, "na safari hii utarudi na kiburi, dawa zetu huenda zisiufae. Atakufa, Aketch. Sikutishi."

"Ndiyo nimemwambia hivyo!"

"Ulimuuliza ana nini?"

"Kila siku namuuliza kama amemeza."

"Sikuuliza hilo."

Sista akalifungua kabati la dawa, akamwonyesha. "Humu kuna dawa ya kifua. Ya moyo, hebu angalia, hata chupa moja hakuna. Watu wakisikia mgonjwa wa roho wanafikiria wendawazimu peke yao. Huyu si mwendawazimu. Amekufa moyo. Nusu ya wanaokaa kwenye hilo benchi langu wako hivyo, na sisi tunawapima makohozi tu." Akalifunga kabati. "Rudi umsikilize. Na usimhubirie, tafadhali, nakujua."

Usiku ule Aketch hakupata usingizi. Alimwona Kavoi ameinama kwenye kigoda, na kila alipofumba macho, yule mtu kwenye kigoda alikuwa yeye mwenyewe, kule Kawangware, ameukabili ukuta. Aibu ilimshika hadi akaona joto masikioni. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na yeye aliyewahi kufa moyo alimkuta mwenzake anakufa vivyo hivyo akampigia kelele.

Asubuhi alirudi Gatwekera. Hakubisha kwa fujo kama kawaida yake. Aliingia, akamwaga omena kwenye sinia, akaanza kuchambua kimya. Jambo hilo lilimgharimu, mimi nakuambia, maana kwa Aketch kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kubeba maji kutoka chini mtoni. Mara kadhaa alifungua mdomo, akaufunga. Baada ya muda Kavoi naye akasogea, akaanza kuchambua upande wake.

"Pole kwa jana," Aketch akasema hatimaye. Neno lile lilikuwa kavu mdomoni kwa kutotumika.

Kavoi akaitikia kwa kichwa. Akatoa kikonokono, akakiweka pembeni. Ndipo akasema, bila kuinua macho, "Picha yangu imeshapigwa, Mama Adhis."

"Picha gani?"

Akamweleza. Jumapili moja Kyalo alikuja baada ya kanisa akiwa na mpiga picha, pamoja na koti na tai alivyoazima kwa shemasi. Kavoi alidhani ni picha ya kumtumia Kaveke. Akafurahi, akanyoa ndevu. Koti lilikuwa pana, Kyalo akalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo ili mbele lionekane limemkaa. Kavoi akatabasamu. Mpiga picha akamwambia, usicheke mzee, angalia hapa, tulia.

"Hakupiga miguu," Kavoi akasema. "Ni kifua kuja juu, bila kucheka. Mimi nimeshona nguo za matanga miaka mingi. Picha ya namna hiyo najua inabebwa mbele ya nini."

Aketch aliacha kuchambua.

"Kyalo si mbaya," Kavoi akaendelea. "Baba yetu alikufa bila picha hata moja. Watoto wakiuliza babu alifananaje, hatuna la kuwaonyesha. Kyalo aliapa haitatokea tena. Alipokuwa akinibania lile koti nilimsikia analia nyuma yangu. Angekuwa ananichukia ningepigana naye. Lakini ananipenda, Mama Adhis. Amenipenda mpaka amenizika. Sasa nameza dawa ya nini? Ya kumharibia mipango?"

Aketch akatia mkono kikapuni. Akakitoa kile kikombe cha buluu, akakiweka juu ya sinia katikati ya omena.

"Watu husema nina maringo," akasema.

Akamwambia yote. Oloo na upole wake, lile fundo zuri, bafu la mwisho, Adhis akipandishwa basi la kwenda ushago huku anapunga mkono. Akamwambia na ya barabara ya Naivasha, na malori, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata Adhis, hata Mungu kwa sauti. Alipofika hapo sauti ilimkatika, akaiacha ikatike.

Kavoi alikichukua kikombe, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akaupapasa ule uzi kwa kidole gumba. Fundi ni fundi tu.

"Huu ni uzi wa sweta," akasema.

"Ndiyo."

"Na hujawahi kuukata."

"Nitaukataje? Ndio unaonikumbusha nisimwamini mtu."

Kavoi akatikisa kichwa. Mara akacheka, kicheko kidogo chenye kikohozi ndani yake. "Yaani wewe unatembea na uzi, mimi nimetundikwa ukutani. Na ni wewe unayekuja kunikagua mdomo!"

Aketch naye akacheka, huku anafuta macho kwa upindo wa leso. Walicheka hadi jirani akagonga mabati kuuliza kuna nini.

Kisha Kavoi akainuka, akatoa vidonge vya siku hiyo kwenye karatasi. Akatazama huku na huku atafute maji. Kikombe chake kilikuwa sakafuni, kimejaa vipande vya nyuzi. Akanyoosha mkono.

"Lete hicho chako."

"Hiki?"

"Kwani kina nini?"

Aketch alisita. Tangu Kawangware hakuna mdomo mwingine uliokigusa. Sista alishamwambia mara nyingi kwamba TB hupita hewani kwa kikohozi, haikai kwenye vikombe, naye huwaambia hivyo wagonjwa wake kila siku. Kuwaambia watu ni rahisi. Akajaza maji, akampa. Kavoi akaweka vidonge mdomoni, akainua kikombe cha uzi mwekundu na kukimaliza chote. Aketch alianza kutazama koo kama alivyozoea, akajizuia, akamtazama usoni.

"Aaa," Kavoi akafungua kinywa mwenyewe.

"Funga huko. Sijakuuliza."

Akakijaza tena maji, akanywa yeye.

Siku hiyohiyo walienda kliniki pamoja, na Kavoi akakiri kila kitu. Ilibidi aanze upya, na sindano zile za makalio zikarudi, akawa anakaa upande upande kama kuku aliyeatamia. Sista Wagaki aliongeza swali kwa wagonjwa wake. Kabla ya kupima makohozi anauliza, unalala? Nani anakula na wewe? Alhamisi Aketch akawa anapeleka sinia lake kwenye benchi la kliniki, wanachambua na kuongea, na usidhani wote walipona. Miaka ile ilikuwa mibaya, na wengine waliwazika. Lakini hawakuzikwa wakiwa hai.

Kyalo alipoambiwa jinsi ile picha ilivyomuumiza nduguye, alilia mbele ya watu. Alitaka kuichoma. Kavoi akakataa.

Aliporudi Toi, mwili umerudi, cherehani inapiga kelele, aliitundika ile picha nyuma ya kiti chake, yenye fremu na kioo, koti la shemasi na uso wa huzuni. Wateja wakimuuliza huyu ni nani, anasema, "Marehemu ndugu yangu. Alikuwa mtu wa kununa sana, hakuwa na utani kama mimi." Wanampa pole. Anapokea pole zote. Hata omena alizionja siku moja hadharani, akatema. Asili haipotei.

Aketch alikuwa akipita hapo kupumzika. Sweta yake ilikuwa na kifungo sasa, cheupe kati ya vyeusi, kwa sababu fundi alisema ni cha kumkumbuka nacho. Mchana mmoja mama wa chai alipita na birika, akammiminia Kavoi kikombe. Aketch akatia mkono kikapuni atoe chake. Akapekua chini ya mfuko wa omena, chini ya leso, akainamisha kikapu chote.

"Nini?" Kavoi akauliza.

"Kikombe. Nimekisahau nyumbani."

Alibaki ameshika kile kikapu, anamtazama Kavoi kama mtu aliyeamshwa ghafla. Haijawahi kutokea. Kavoi alikunywa chai yake nusu, akakisukuma kikombe na nusu iliyobaki mbele ya Aketch kwenye meza ya cherehani, na kurudi kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza.

"Kunywa, Mama Adhis, kabla haijapoa."

Ilikuwa na sukari nyingi kuliko anavyopenda, na akaimaliza.